Jinsi ya kupata wateja wapya wa sare: mwongozo kwa fundi cherehani

Mteja mmoja mmoja humchosha fundi: kila gauni lina maelewano yake, vipimo vyake na deni lake. Kikundi cha watu 24 huelewana nawe mara moja. Kwa hiyo tunazungumzia sare hapa: kwaya, kamati za harusi, vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa), shule ndogo za binafsi na wahudumu wa migahawa. Hesabu ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania. Weka bei za kwako.

1. Jua uwezo wako kabla ya kutafuta oda

Fungua daftari la mwezi uliopita uhesabu nguo zilizokamilika kabisa, zenye vifungo na pasi. Kama unamaliza magauni 4 kwa siku, magauni 24 ni siku 6 za kushona. Ongeza siku 2 za kukata na 3 za kujaribisha na kurekebisha, jumla siku 11. Ahidi wiki tatu. Umeme utakatika, na hakosekani mtu wa kuja kupimwa wiki ya mwisho. Sare zikifika baada ya sherehe, kikundi hicho umekipoteza pamoja na majirani zake wote.

2. Andika vikundi 20 na tarehe zao

Usiandike majina tu, andika na siku wanayohitaji nguo, kisha rudi nyuma wiki nane hadi kumi. Hapo ndipo pa kuwafuata.

Kwaya huvaa mpya Pasaka na Krismasi. Shule hufunguliwa Januari, kwa hiyo mwalimu mkuu aonwe mapema Oktoba, Desemba ameshaagiza. Harusi zina msimu wake: Waislamu wengi huoza mwezi wa Mlisho kabla Ramadhani haijaingia, na makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresma, hivyo baada ya Pasaka kamati huamka kwa pamoja. Migahawa haina msimu, ila aproni huchakaa haraka na wenyewe husahau kuagiza. Wapitie wakati wowote.

3. Shona sampuli moja, kisha uifue

Picha za mtandaoni kila fundi anazo. Nguo ya kushikwa mkononi ndiyo inayouza. Shona moja ya saizi ya kati, pindo zote zipite ovaloki (mashine ya kuziba kingo zisichanike nyuzi), halafu ifue mara mbili na kuipiga pasi kabla ya kuionyesha. Kitambaa cha pamba kinaweza kurudi, yaani kusinyaa, na rangi nyekundu au nyeusi inaweza kuchuja. Afadhali ulijue hilo wewe kabla ya mweka hazina wao.

4. Mfikie mwenye kauli

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Humwonyesha sampuli mwanakwaya rafiki yao, naye anafurahi, na mambo yanaishia hapo. Katika kwaya au kikoba, katibu ndiye anayepeleka hoja kwenye kikao na mweka hazina ndiye anayeshika fedha. Kwenye harusi, usimsumbue bibi harusi. Muulize ni nani katika kamati anasimamia mavazi.

Salamu nayo ina kazi. Kwa Wakatoliki ni "Tumsifu Yesu Kristo", kwa Walutheri na walokole "Bwana Yesu asifiwe", madrasa "Asalaam aleikum". Ukichanganya, wanajua mara moja kwamba hukujisumbua kuwajua. Ujumbe wa kwanza uwe mfupi:

"Bwana Yesu asifiwe mama katibu, shikamoo. Mimi ni fundi wa sare, fremu yangu ipo karibu na kituo cha daladala. Nimesikia kwaya inajiandaa na Pasaka. Naomba dakika kumi baada ya mazoezi ya Jumamosi nilete sampuli mwione kitambaa na mshono. Bei nitawapa kwa kichwa, kitambaa kikiwemo."

Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku nne. Zaidi ya hapo ni usumbufu.

5. Toa bei kwa kichwa, kwa maandishi

Kikao hakipendi hesabu ndefu. Wanataka kujua kila mmoja achange ngapi. Chukua watu 24, gauni la kawaida la yadi 3. Kitenge cha yadi 6 kinatoa magauni mawili, basi vitenge 12, na kimoja cha akiba: 13. Kwa 18,000 kila kimoja ni 234,000. Ushonaji 15,000 kwa gauni ni 360,000. Jumla 594,000, waambie 25,000 kwa kichwa, na ile 6,000 inayozidi ni nauli yako ya sokoni.

Kianzio kiwe kitambaa chote na nusu ya ushonaji, yaani 414,000, kilipwe kabla hujagusa mkasi. Ukikubali "tutachanga kidogo kidogo", utakuwa umewakopesha kitambaa watu usiowajua.

Nunua vitenge vyote siku moja, na kwa kitambaa cha mita, kata kutoka jora moja. Jora la pili la rangi ileile huweza kupishana kidogo, na kwenye mstari wa kwaya tofauti hiyo huonekana hadi viti vya nyuma. Kile cha akiba ni cha mwanachama anayejiunga mwishoni au kosa la kukata.

Shule na kampuni zitakuomba TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti). Kama huna, anza na kwaya na vikoba huku ukishughulikia karatasi.

6. Pima wote kwa siku moja, hukohuko kwao

Nenda siku ya mazoezi na fomu iliyochapwa: jina, simu, kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu, na sahihi ya mwenye mwili. Ile sahihi huzima ubishi baadaye. Usikubali vipimo vya kutumwa kwa simu.

7. Tumia WhatsApp Business kwa waliokwisha kukuona

Weka katalogi yenye picha na bei ya kuanzia. Tengeneza kiungo cha wa.me, kinachomfungulia mtu mazungumzo nawe moja kwa moja, chenye 255 na namba yako bila sifuri ya mbele, ukichape kwenye kadi inayofungwa na kila nguo. Orodha ya matangazo (broadcast) haizidi watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo siku ya vipimo waombe waihifadhi palepale. Picha za wateja zirushwe kwa ruhusa, na za watoto wa shule kwa ruhusa ya mzazi.

8. Siku ya kukabidhi, omba majina mawili

Siku hiyo wamefurahi, kesho watakuwa na mengine. Mwambie katibu: "Naomba unielekeze kwa vikundi viwili unavyovijua, na nitaje jina lako." Kisha andika kwenye daftari kila oda ilitoka wapi: katibu, kadi, WhatsApp, bango. Baada ya miezi mitatu, njia isiyoleta oda hata moja iache, na muda wake upeleke kwa makatibu.