Jinsi ya Kupima Kotisoli kwa Mgonjwa Mahututi Mwenye Sepsisi

Hatua ya 1. Amua kwanza kwa nini unapima kotisoli, homoni inayousaidia mwili kukabili ugonjwa mkali. Mgonjwa wa mshtuko wa sepsisi (maambukizi makali yanayoporomosha shinikizo la damu) anayeendelea kutegemea noradrenalini, dawa ya kupandisha shinikizo hilo, hasubirishwi majibu ya maabara ndipo apewe haidrokotisoni. Mwongozo wa mwaka 2021 wa Surviving Sepsis Campaign, kampeni ya kimataifa kuhusu matibabu ya sepsisi, unapendekeza miligramu 200 kwa siku kwa kuangalia hali yake.

Hatua ya 2. Chunguza dawa zote alizokwisha kupewa. Hapa ndipo nilipopoteza karibu siku nzima nikirudia kipimo kilekile, kwani kotisoli ilisomeka juu mno ilhali shinikizo la damu lilizidi kushuka, nasi tukawa tunailaumu mashine, hadi ilipobainika kwamba mgonjwa alichomwa haidrokotisoni kabla ya kuhamishwa na hakuna aliyeiandika jaladani. Haidrokotisoni ni kotisoli yenyewe, hivyo hakuna mashine inayoweza kuitenga na ile itokayo kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Prednisoloni nayo huzipotosha mashine nyingi zinazotumia kingamwili. Spektrometa ya masi, mashine inayotofautisha molekuli kwa uzito wake, huitambua, na ndiyo ninayoipendelea popote inapopatikana. Deksamethasoni kwa kawaida haiharibu usomaji, lakini huzinyamazisha tezi kupitia ubongo, kwa hiyo kiwango cha chini hakithibitishi kwamba tezi zenyewe zina hitilafu. Muulize pia aliyemlaza mgonjwa usingizi ili kumwekea mpira wa kupumulia iwapo alitumia etomideti, kwa kuwa hata dozi moja huzuia kimeng'enya kinachokamilisha utengenezaji wa kotisoli, na athari hiyo yaweza kudumu siku nzima au zaidi.

Hatua ya 3. Toa damu kwenye mkono usio na dripu, uandike saa. Usingoje asubuhi, kwani mpangilio wa kawaida wa kupanda na kushuka kwa kotisoli huvurugika kwa mgonjwa mahututi.

Hatua ya 4. Ukitaka kujua uwezo wa tezi, choma mikrogramu 250 za kosintropini, dawa inayozichochea tezi za adrenali, mshipani, kisha toa damu tena baada ya dakika 30 na 60.

Hatua ya 5. Angalia kizio kabla ya namba: mikrogramu 1 kwa desilita ni sawa na takriban nanomoli 27.6 kwa lita. Kiwango kilicho chini ya mikrogramu 10 kwa desilita, au ongezeko lisilofika 9 baada ya sindano, huashiria upungufu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kotisoli husafiri ikiwa imeshikwa na protini ambazo hupungua katika sepsisi, hivyo jumla yaweza kuonekana ndogo ilhali kotisoli huru, ambayo ndiyo ifanyayo kazi, inatosha. Omba kipimo cha albumini, mojawapo ya protini hizo, katika sampuli ileile, na ikiwa imeshuka sana, usihukumu kwa jumla hiyo peke yake.