Kumtambua mdudu kijiti mwenye miiba: rangi iangalie mwisho

Miiba peke yake haimtaji mdudu. Imezuka katika koo kadhaa zisizo na undugu wa karibu, kwa hiyo fuata mpangilio huu.

1. Jua kwanza kama ni dume au jike. Jike la Heteropteryx dilatata wa Malaysia ni pana, kwa kawaida kijani, na hufika sentimita 15 hivi. Dume ni la kahawia, jembamba, lenye mabawa marefu. Ukiwaona pembeni kwa pembeni utaapa ni spishi mbili.

2. Tazama mabawa. Eurycantha calcarata wa Guinea Mpya hana kabisa, dume wala jike. Kwa Extatosoma tiaratum wa Australia, dume huruka, jike lina vibawa vifupi visivyoweza kulinyanyua.

3. Miiba imeota wapi? Hapa usiwe na haraka. Piga picha ya kichwa, kifua, tumbo na mapaja, juu na chini. Dume la Eurycantha lina paja nene la nyuma, na upande wake wa chini mwiba mmoja mkubwa uliopinda. Mshike kwa uangalifu, unatoboa ngozi. Jike la Extatosoma lina miguu iliyotanuka kama majani, na likishtuka hukunja tumbo juu ya mgongo.

4. Ncha ya tumbo la jike. Heteropteryx na jamaa zake, Haaniella na Aretaon, wana ncha iliyochongoka ya kufukia mayai udongoni. Eurycantha pia anayo, kwa hiyo usiishie hapo. Extatosoma huyarusha tu.

5. Chukua kioo cha kukuzia, tazama chini ya muundi, pale mwishoni karibu na wayo. Heteropteryx, Haaniella na Aretaon wana kieneo cha pembetatu kilichobonyea. Eurycantha na Extatosoma hawana. Mimi alama hii naiamini kuliko zote.

Maswali ya wanachama

*Wangu mguu mmoja ni mfupi, karibu hauna miiba. Ni chotara?*
Hapana, ndugu. Mguu ulikatika, ukaota upya alipojivua ngozi. Tumia mguu wa upande wa pili.

*Mwalimu, kitoto kimeanguliwa cheusi, kichwa chekundu, kinakimbia kama sisimizi. Nimepewa mayai ya mdudu mwingine?*
Hapana, huyo ni Extatosoma halisi. Siku za mwanzo huiga sisimizi. Akijivua ngozi mara ya kwanza, wekundu wa kichwa hupotea na mwendo hupungua.

*Na rangi je?*
Majike wa Extatosoma huwa wa kahawia, wa kijani, hata wa rangi ya kuvumwani (ule ukoga wa kwenye magome na mawe). Iandike, lakini usimtajie jina kwa hiyo.