Namna ya Kulinda Akiba ya Pensheni Unapokaribia Kufilisika

Madeni yanapokuzidi na tangazo la kufilisika likawa karibu, jambo la kwanza ni kutoigusa akiba yako ya pensheni kabla hujapata ushauri. Watu wengi waaminifu huitoa mapema ili wawalipe wadai, ilhali fedha hizo, zingebaki ndani ya mfuko, huenda wadai wasingeweza kuzifikia kabisa. Zikishaingia katika akaunti ya benki huwa fedha kama nyingine, na mfilisi, yaani msimamizi wa mali za aliyefilisika, anaweza kuzikusanya pamoja na mali zako zilizobaki.

Kisha uandikie mfuko wako ukiomba maelezo ya maandishi kuhusu aina ya pensheni yako na sheria inayoisimamia, kwa kuwa kinga hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata kati ya mfuko na mfuko. Nchini Uingereza, kwa maombi ya kufilisika yaliyowasilishwa tangu tarehe 29 Mei 2000, pensheni iliyosajiliwa na mamlaka ya kodi haihesabiwi miongoni mwa mali zinazokabidhiwa mfilisi. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1992 kwamba akiba iliyo katika mifuko ya waajiri inayosimamiwa na sheria ya mwaka 1974 isiguswe na wadai wa mufilisi, yaani mtu aliyefilisika. Akaunti binafsi za kustaafu nazo zilipewa kinga na sheria ya mwaka 2005, ambayo kwa baadhi ya akaunti hizo iliweka kikomo cha dola milioni 1, kikirekebishwa kila baada ya miaka 3.

Pensheni ambayo tayari unalipwa inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapo sheria haitazami tena akiba bali kipato. Mfilisi wa Uingereza anaweza kudai sehemu ya kipato inayozidi mahitaji ya msingi ya familia yako, kwa muda usiozidi miaka 3, ingawa kufilisika kwenyewe kwa kawaida hukoma baada ya miezi 12. Je, aliyefikia umri wa kuchukua mafao lakini hajayaomba? Mwaka 2012 jaji mmoja aliamua kwamba mufilisi wa namna hiyo anaweza kulazimishwa kuyachukua. Uamuzi huo uliwatia hofu wengi hadi Mahakama ya Rufani ilipoukataa mwaka 2016. Kwa maoni yangu mahakama hiyo ilitenda haki, kwani akiba ya uzeeni haikuwekwa kwa ajili ya wadai. Basi usijaze fomu ya kuomba mafao wakati shauri lako linaendelea, isipokuwa mwanasheria ameipitia.

Usijaribu pia kuzihamishia fedha zako kwenye mfuko dakika za mwisho. Michango iliyopita kiasi, iliyotolewa kwa namna iliyowadhuru wadai, inaweza kurejeshwa kwa amri ya mahakama.

Hatimaye, orodhesha kila pensheni uliyo nayo katika taarifa ya mali unayomkabidhi mfilisi, ikiwemo ile ndogo uliyoiacha kwa mwajiri wa zamani na ile ambayo una hakika inalindwa. Kuitaja hakuiondolei kinga yake. Kuificha kunaweza kuwa kosa la jinai na kukucheleweshea kuachiliwa kutoka katika hali ya ufilisi.