Jinsi ya kutengeneza modeli ya handaki lenye paa la ngome ya pwani, kwa vifaa vya hapa hapa Mwanza

Haya wadau, walimu wa historia na nyie wanafunzi mnaotakiwa kupeleka kitu kwenye maonyesho ya shule, hii ni ya kwenu. Modeli nyingi za mahandaki zinazopita ni mtaro ulionyooka, juu umewekewa kipande cha boksi, pembeni askari wa plastiki, imeisha hiyo. Wakati handaki lenye paa kazi yake yote iko kwenye vitu ambavyo mtu akipita juu havioni kabisa, yaani kona, njia ya maji na mpangilio wa paa. Hivyo vitatu vikikaa sawa, mengine ni mapambo tu.

Tunaiga mahandaki ya Raversyde, karibu na Oostende kule Ubelgiji. Hapo Wajerumani walijenga ngome za mizinga ya pwani vita zote mbili za dunia, ya kwanza mwaka 1915, halafu wakarudi vita ya pili kwenye ule ukuta wa Atlantiki, yaani mlolongo wa ngome za pwani, ambao Hitler alitoa amri yake Machi 1942, kutoka Norway mpaka mpaka wa Ufaransa na Hispania. Sehemu nyingi ukuta ule ulibomolewa au umeliwa na bahari, ila pale Raversyde kiwanja kilikuwa cha Prince Karel wa Ubelgiji akagoma kabisa majengo yasibomolewe, ndo maana leo ni makumbusho yenye majengo zaidi ya 60 na karibu kilomita 2 za mahandaki, mengine wazi mengine yamefunikwa. Tafuta picha zake kwanza uziangalie kuta za matofali, maana bila picha utabuni na ukibuni itaonekana.

Kipimo tumia 1:20, hesabu yake ni rahisi, kila mita moja ni sentimita 5. Handaki la upana wa mita 1 na urefu wa kwenda juu mita 2 linakuwa sentimita 5 kwa 10, na askari wako asizidi sentimita 9. Ubao wa chini wa sentimita 60 kwa 40 unatosha, hapo umeonyesha eneo la mita 12 kwa 8.

Mwili wa ardhi tumia ile foma nyeupe nyepesi inayokuja kwenye boksi la TV au friji, madukani wanaitupa. Bandika matabaka mpaka yafike sentimita 12 hivi, na gundi iwe ile nyeupe ya mafundi seremala, usije ukaweka gundi ya viatu au rangi ya kupuliza, zinaila foma mpaka inabaki shimo. Chora njia, kata matabaka yote isipokuwa la chini kabisa, na mtaro uukate sentimita 6 badala ya 5 kwa sababu kuta zitakula nafasi.

Sasa kona. Usichore mstari ulionyooka. Kila baada ya sentimita 15 pinda, kwa sababu bomu likilipuka ndani ya handaki nguvu ya mlipuko na vipande vya chuma vinakimbia na njia mpaka vikutane na ukuta, kwa hiyo kona ndo inayookoa waliokaa upande wa pili. Mlangoni ndo usicheze kabisa, mtu akisimama nje asiweze kuona ndani moja kwa moja, lazima apinde hata mara moja.

Kuta: udongo wa mfinyanzi uchanganye na gundi nyeupe kidogo, paka unene wa milimita 4 au 5 kila upande, ukiwa bado mbichi chora matofali kwa kijiti cha meno, kila tofali sentimita 1 kwa milimita 3. Inachosha, najua, lakini usiruke. Kausha kivulini, ukiweka jua la mchana la hapa Mwanza utapasuka wote. Na kuta hizo si za urembo, mchanga wa pwani hausimami wenyewe, ukichimba bila ukuta unashuka tena. Huku kwetu shida ni kinyume, unachimba kidogo unakutana na jabali. Kwa hiyo tafadhali usiweke mawe makubwa kwenye modeli hii, ukitaka jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, hiyo ni modeli nyingine.

Sakafu iinamishe kidogo, weka kipande cha boksi chini upande mmoja, pembeni chora mfereji mwembamba unaoishia kwenye kishimo. Paka vanishi ya maji, isije ikaila foma, ikikauka mwaga kijiko cha maji. Yakienda kishimoni yenyewe, safi, yakituama katikati rekebisha sasa hivi kabla ya paa.

Paa ndo pa kunoga. Chini weka matete au fito za unene wa milimita 8, hizo zinakuwa magogo ya sentimita 16, vijiti vya mishikaki ni vyembamba mno. Kama unataka la zege, boksi gumu lililopakwa uji wa saruji, unene sentimita 1.5. Juu yake nailoni ya kuzuia maji, halafu udongo sentimita 2.5, yaani nusu mita halisi. Paa kama hilo linazuia vipande vya chuma na linaficha watu wasionekane na ndege, ila bomu zito likitua juu yake moja kwa moja paa halihimili, kwa hilo walijenga mahandaki makubwa ya zege la mita 2. Mambo ya kutoka angani na sisi tulionja Machi 1979 kwenye vita ya Kagera, ndege ya Libya ilikuja kuipiga Mwanza mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane. Paa libandike nusu tu, nusu nyingine iwe inatoka ili watu waone ndani, na ule upande uliokatwa usiupake kitu, matabaka yaonekane.

Mchanga chukua mkavu wa ufukweni, usiingie majini kuufuata, kichocho kipo. Uoshe, ukaange kwenye karai mpaka harufu iishe, halafu pitisha kwenye chujio la chai, maana punje ya milimita 2 kwenye kipimo hiki ni kokoto la sentimita 4. Majani ya pwani ile ni marefu ya kijani kilichopauka, kamba ya katani ukiifumua ukaichovya rangi ya maji inatoka ile ile. Wavu wa kuficha mdomo wa handaki nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba uombe kipande cha nyavu chakavu ya dagaa, matundu yake madogo yanafaa kabisa, funga vitambaa vya kijani na kahawia bila mpangilio.

Ukimaliza andika kikaratasi: jina la mahali, mwaka, na kipimo 1:20. Ukiipeleka shule kwa bodaboda ile nusu ya paa ifunge kwa uzi, na mwambie dereva aende taratibu kwenye matuta.