Jinsi ya kuomba kibali cha kuongeza nyumba ya zamani Mtwara Mjini

Huku kwetu nyumba hukua kwa msimu wa korosho. Minada ikishaanza Oktoba na malipo yakaanza kusoma kwenye akaunti, wiki hiyohiyo utaona malori ya mchanga yanapishana Magomeni na Chikongola, na kila uani kuna rundo la matofali. Halafu mvua inakuja. Msimu wetu ni mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo aliyeezua bati mwezi wa kumi na mbili analala chini ya turubai mpaka Pasaka. Kama fedha zako zinaingia wakati huo, nunua nondo uzifungie ndani, saruji iache dukani isije ikakugandia, na miezi ya mvua itumie kuhangaikia makaratasi. Kazi yenyewe ianze Mei au Juni, ardhi ikiwa kavu.

Ninayoandika hapa ni kwa nyumba iliyo ndani ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Wa Lindi Mjini atakuta njia ni ileile, ofisi tu ndizo tofauti.

Kwanza ujue unachoomba. Kupaka rangi, kupiga lipu upya, kubadilisha bati lililotoboka au kumwaga sakafu ni matengenezo, na kwa kawaida unamtaarifu mtendaji wa mtaa kisha unaendelea. Ukivunja ukuta unaobeba paa, ukiongeza chumba, ukileta choo ndani, ukiinua kuta ili upaue upya au ukigeuza baraza kuwa duka, hapo unahitaji kibali cha halmashauri. Mafundi wengi watakwambia "hiki chumba kimoja tu, nani atakusumbua." Fundi hatakuwepo siku alama ya X nyekundu, ile ya kubomolewa, inapochorwa ukutani.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, vyumba vinne na ukumbi katikati, jiko na choo cha shimo uani. Aliijenga baba mkwe wangu. Tulitaka vyumba viwili upande wa nyuma na choo cha ndani, maana mama mkwe magoti hayamruhusu tena kutoka usiku. Nilidhani kazi kubwa itakuwa ramani. Kumbe ilikuwa jina.

Ombi la kibali linafuata jina lililo kwenye hati ya kiwanja. Hati yetu ilikuwa na jina la marehemu, na marehemu haombi kibali. Kama na yako iko hivyo, usianze na mchora ramani, anza na mirathi. Unahitaji cheti cha kifo kutoka RITA na muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa na waliohudhuria, unaotaja nani amependekezwa kuwa msimamizi. Hivyo unavipeleka Mahakama ya Mwanzo. Mahakama inabandika tangazo, inasubiri kama kuna pingamizi, na lisipokuwepo inamteua msimamizi kwa fomu namba nne. Fomu hiyo ndiyo unayokwenda nayo ofisi ya ardhi ili jina la msimamizi liingizwe.

Kikao kifanyeni kikamilifu. Kwa Wamakonde na Wamakua mjomba ana kauli yake, na ukimruka leo atakukumbusha kesho ukiwa umeshafika kwenye lenta. Sisi tulimfuata mjomba wa mume wangu Newala. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na chumba cha dada yangu kitabaki upande uleule?" Tukamwambia kitabaki. Akasaini.

Wasio na hati kabisa wasikate tamaa. Mitaa mingi ya zamani imepimwa kwa urasimishaji, yaani kupima viwanja vya watu waliokwisha kujenga bila hati, na huenda kiwanja chako kina namba tayari ila hukuwahi kufuatilia. Peleka makubaliano ya mauziano na barua ya mtaa ofisi ya ardhi ya manispaa, waangalie kwenye mchoro wa mipangomiji. Ukiambiwa eneo ni la barabara au la wazi, ni heri umelisikia kabla hujamwaga zege.

Jina likishakaa sawa, tafuta bikoni. Nyumba za zamani zilijengwa kwa kukadiria kwa macho, na jirani naye hivyohivyo. Mlipe mpima aje afukue mawe ya mpaka, jirani akiwepo. La kwetu moja lilikuwa chini ya banda la kuku la jirani. Tulicheka, akalisogeza banda, yakaisha. Tungeligundua baada ya msingi, tusingecheka.

Sasa ramani. Mpe kazi mtu anayejua kuchora jengo lililopo, siyo lile jipya tu. Hapa ndipo maombi mengi ya ukarabati yanaporudishwa, na letu lilirudishwa hapohapo. Mchoraji wetu alileta vyumba viwili vizuri vyenye madirisha makubwa. Ofisa wa halmashauri akaweka rula juu ya karatasi, akapima huku na huku, akauliza: "Choo cha shimo kiko wapi?" Hakikuwepo kwenye mchoro. "Na kisima cha jirani?" Nacho hakikuwepo. Tukarudi nyumbani na karatasi zetu.

Ramani ya kuongeza nyumba ionyeshe kuta za zamani zinazobaki, zinazobomolewa na zile mpya, kila kundi kwa alama yake. Ionyeshe kiwanja chote pamoja na mipaka, njia, choo, chemba, karo (tangi la chini la maji ya choo) na shimo la maji machafu, na umbali kutoka kila ukuta mpya hadi mpaka. Iwe na sura za pembeni, mkato wa jengo, mpangilio wa paa na kipimo kilichotumika. Ukitaka kupandisha ghorofa juu ya kuta za zamani, andaa na michoro ya mhandisi ya nondo na zege, na uwe tayari kuambiwa msingi wa zamani haubebi. Kuta za udongo zilizopigwa lipu ya saruji hudanganya macho. Chokonoa pembeni ya dirisha kwa bisibisi ujue kilichomo.

Wenye nyumba za mawe Mikindani wana hatua moja ya ziada. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na mji ule una kuta za zamani za matumbawe na chokaa. Ulizia Idara ya Mambo ya Kale kabla hujagusa hata kizingiti. Na hata kama nyumba yako si ya zamani kiasi hicho, usiipige lipu ya saruji kwenye ukuta wa chokaa. Unyevu utakosa pa kutokea na ukuta utaanza kumeguka.

Maombi siku hizi yanapita kwenye TAUSI, mfumo wa TAMISEMI. Unajisajili kwa namba ya NIDA, unachagua halmashauri yako, unajaza aina ya ujenzi na kupakia nyaraka: ramani, hati au barua ya toleo (ile ya kumilikishwa kiwanja kabla ya hati), uthibitisho kwamba kodi ya pango la ardhi haidaiwi, na barua ya mtendaji wa mtaa. Kama kodi ya pango ina deni la miaka, lilipe kwanza, la sivyo faili halisogei. Kodi ya jengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, unaponunua umeme, hivyo hiyo mara nyingi unailipa bila hata kukumbuka. Simu ikikushinda, nenda ofisini, utasaidiwa kujaza. Beba na nakala za karatasi.

Ada hutegemea ukubwa na aina ya jengo. Utapewa kontroo namba, ulipe benki au kwa simu. Anayetaka umpe mkononi "akusaidie kulipia" mwambie asante, wewe unayo simu.

Baada ya hapo ombi linazunguka: ofisa ardhi anaangalia umiliki, mipangomiji anaangalia matumizi ya kiwanja, mpima mipaka, mhandisi uimara, na ofisa afya anaangalia vyoo, hewa na maji machafu. Baadhi watakuja kuona. Wa afya alipofika kwetu hakuingia hata ndani. Alisimama kwenye mwembe, akatembea kwa hatua kutoka pale tulipotaka kuchimba karo hadi kisima cha jirani, akatikisa kichwa. Karo likahamia upande wa barabara, bomba likawa refu, gharama ikapanda kidogo. Mama mkwe akamletea maji ya madafu. Nina hakika angepitisha hata bila madafu, ila alikunywa.

Letu lilichukua wiki saba, na wiki tatu kati ya hizo ni za ramani iliyorudishwa. Fuatilia kwa adabu, kila mara ukiwa na namba ya ombi, na uulize limekwama kwa nani, usiishie kuuliza kama liko tayari.

Kibali kikitoka, soma masharti yote, hasa muda wake. Nakala yake na ya ramani iliyogongwa muhuri zikae eneo la ujenzi, kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu mkaguzi akifika hakutafuti wewe, anamuuliza fundi. Toa taarifa mkaguzi aje kabla ya kufukia msingi, kwenye lenta na wakati wa kupaua. Ukibadili mawazo katikati, labda dirisha liwe mlango, rudi ukaombe mabadiliko kwanza.

Ukimaliza, omba ukaguzi wa mwisho na hati ya kuhamia. Na kama vyumba vipya umeviwekea mita yao ya umeme, angalia makato ya LUKU mwezi wa kwanza. Jengo moja lenye mita mbili linaweza kukatwa kodi ya jengo mara mbili. Andika namba za mita zote mbili na namba ya kiwanja, nenda ukaeleze, ili makato yabaki kwenye mita moja.