Namna ya Kukaa Jukwaani na Mashabiki wa Assyriska na Syrianska

Mswahili anayeishi Stockholm akitaka kutazama soka la Sweden kwa kawaida huelekezwa kwenye mechi za AIK, Djurgården au Hammarby, na ushauri huo si mbaya. Lakini mwenye siku moja ya ziada afadhali apande treni aende Södertälje, mji wa viwanda ulio kusini-magharibi mwa jiji, ambako klabu mbili za wahamiaji zimekuwa zikitumia uwanja mmoja. Assyriska ilianza mwaka 1974 na Syrianska mwaka 1977, zote mbili zikiwa kazi ya Wakristo waliotoka Mashariki ya Kati, ambao lugha yao ya nyumbani ni tawi la Kiaramu ambalo bado linazungumzwa. Mwongozo huu ni kwa mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza na hana mwenyeji wa kumshika mkono.

Jifunze majina kabla ya kuangalia hata ratiba. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ana pa kuanzia, kwa sababu Waashuri na Washami anawajua tangu zamani kuwa mataifa mawili tofauti. Watu wa Södertälje ninaowazungumzia ni jamii moja: wengi wao ni waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kisiria, familia nyingi asili yake ni vijiji vya Tur Abdin, kusini-mashariki mwa Uturuki, na wazee wao walipitia mauaji ya halaiki ya 1915 chini ya Dola ya Osmani, wanayoyaita Seyfo, yaani upanga. Hata hivyo, baadhi yao hujihesabu kuwa wazao wa Waashuri, na wengine wazao wa Waaramu, ndio hao Washami wa Biblia yetu. Ubishi huo umeingia katika vyama, katika vituo vya televisheni na katika soka, hivi kwamba Assyriska ni timu ya jina la kwanza na Syrianska ni timu ya jina la pili. Shabiki wa Gor Mahia au AFC Leopards ataelewa haraka maana ya klabu kubeba jamii nzima mgongoni. Tofauti ni kwamba hapa jamii ni ile ile, na kinachogombaniwa ni jina lake.

Kwa hiyo usimwulize mtu kama yeye ni raia wa Syria kwa sababu tu umesoma neno Syrianska kwenye tiketi. Kiswidi chenyewe hutofautisha: syrier ni mtu wa nchi ya Syria, na syrian ni mtu wa jamii hii, awe alizaliwa Uturuki, Lebanoni au Södertälje kwenyewe. Magazeti ya Sweden, yakikwepa lawama, huandika assyrier/syrianer kwa kuweka mkwaju katikati. Wewe tumia Suryoyo, neno ambalo watu wa pande zote mbili hujiita katika lugha yao. Mimi sikulijua siku ya kwanza. Mzee niliyekaa naye aliponiambia kwamba alizaliwa Midyat, nilimjibu kwa furaha kwamba basi yeye ni Mturuki. Alifunga mfuko wake wa mbegu za alizeti, akautia mfukoni, akatazama uwanjani hadi mapumziko bila kusema neno. Kipindi cha pili kilipoanza aliutoa tena, akanimiminia mbegu kiganjani, kisha akanieleza taratibu, kama mwalimu, kwamba kutoka nchi fulani si sawa na kuwa mtu wa taifa lake.

Mavazi nayo yanahitaji kufikiriwa. Rangi za Syrianska ni nyekundu na manjano, zinazofanana na bendera ya Waaramu; bendera ya Waashuri ni nyeupe, yenye nyota ya buluu katikati na miali inayotawanyika kuelekea pembeni. Mashabiki wa Assyriska huitwa Zelge Fans, na zelge ni hiyo miali. Wale wa Syrianska ni Suryoyo Fans. Skafu nyekundu yenye manjano iache nyumbani siku ya Assyriska. Koti zito usiliache siku yoyote, kwani msimu huanza majira ya kuchipua na kuisha mwezi wa Novemba, na upepo wa Aprili huko si wa mchezo.

Ukitaka mazungumzo yanoge, ujue angalau historia mbili. Assyriska ilifika fainali ya Kombe la Sweden mwaka 2003 ikafungwa 2–0 na Elfsborg. Mwaka uliofuata ilishindwa na Örgryte katika mechi za mchujo, lakini ikapanda Allsvenskan, yaani ligi kuu, kwa sababu Örebro ilinyimwa leseni kutokana na hali ya fedha zake. Ilicheza huko msimu wa 2005, ikamaliza mkiani na kushuka. Syrianska ilitwaa ubingwa wa Superettan, yaani ligi ya daraja la pili, mwaka 2010 na kudumu ligi kuu misimu mitatu, 2011 hadi 2013. Ni hesabu ambayo shabiki wa Syrianska atakukumbusha hata usipouliza. Kwa upande mwingine, utamsikia mwenzake akimtaja Kennedy Bakircioglu, kijana aliyekulia Assyriska na baadaye akafika Ajax. Siku hizi timu zote mbili ziko chini ya ligi kuu, kwa hiyo tafuta ratiba katika madaraja ya chini.

Safari ni rahisi. Panda treni ya abiria ya mkoa hadi Södertälje centrum, wala usishuke Södertälje Syd, kituo cha treni za mbali kilicho nje ya mji. Kutoka katikati ya mji chukua basi au tembea hadi Södertälje Fotbollsarena, uwanja wa nyasi bandia unaoingiza watu wapatao 6,400. Beba kadi ya benki, kwa kuwa noti zinaweza kukataliwa mlangoni.

Ukiingia, usikimbilie penye ngoma na bendera kama hujui nyimbo. Kaa kwanza na wazee na familia, ambako utaelezwa kila kitu bila kuomba. Salimia kwa kusema shlomo, ndugu wa damu wa neno letu “salamu”, na ukipewa kitu ushukuru kwa tawdi. Mechi ikiwa kati ya timu hizo mbili zenyewe, chagua upande kabla ya kununua tiketi, na ukiulizwa kwa nini umechagua huo, sema rafiki yako ndiye aliyekuleta.