Wazee mnaobana pumzi majini, hebu tuelewane kwanza

Wazee wenzangu mnaoogelea asubuhi hapa Mwanza, shikamooni kwa mlionizidi, hili la kubana pumzi limekuwa fasheni siku hizi, mtu ana miaka 63, presha anayo, halafu anashindana na mjukuu nani atakaa chini ya maji muda mrefu. Mimi mwenyewe nilikuwa humo humo, siku moja nilipiga mbizi bwawa zima kwenda na kurudi, nikajikuta nimeshika ukingo na sikumbuki nimefikaje pale. Nilijisifu kwanza, akili ilikuja baadae.

Iko hivi. Kinachokufanya utamani kuhema sio oksijeni kuisha, ni kabonidayoksaidi, ile hewa chafu, kujaa kwenye damu, hiyo ndo kengele yako. Sasa ukihema haraka haraka kwa nguvu kabla ya kuzama unaifukuza ile hewa chafu, oksijeni haiongezeki kitu cha maana kwasababu damu ilishakuwa nayo ya kutosha, yani umezima kengele tu. Unajisikia freshi kabisa, unaendelea, alafu unazimia bila kutapatapa wala kupiga kelele, na aliyeko juu anaona mzee katulia zake. Hata maji ya kifuani yanatosha. Kwahiyo kabla ya kuzama hema kawaida, vuta pumzi moja, basi.

Na sisi umri umesogea jamani. Ukiingia majini damu inasukumwa kutoka miguuni kuja kifuani, ukibana pumzi na uso uko ndani mapigo ya moyo yanashuka huku presha inapanda, kijana hata hashtuki ila mwenye moyo uliochoka ni habari nyingine, na kama unameza dawa za presha kama atenolol au bisoprolol mapigo yalishashushwa tayari. Ukienda kwa daktari usiulize "naweza kuogelea?" maana atakujibu ndiyo, mazoezi mazuri, nenda nyumbani. Mwambie kabisa unabana pumzi chini ya maji. Aliyewahi kuzimia, mwenye kifafa, aliyepata kiharusi au anayebanwa kifua, hili aachane nalo.

Halafu wengi hata hatuhitaji kubana, shida yetu ni kutoa hewa. Unaibana kichwa kikiwa ndani, ukigeuza uso unataka utoe na uvute kwa mpigo mmoja, lazima uishiwe. Simama maji ya kifuani, shika ukingo, weka uso majini, toa mapovu taratibu kwa pua na mdomo ukihesabu mpaka 4 au 5, inuka, vuta. Mara 10 hivi. Ukizoea ogelea ukihema kila mikono 2, ikikaa vizuri jaribu 3, zile za mikono 7 na 9 waachie wenye makocha wao. Ukisikia kizunguzungu au kifua kinabana toka, ukikohoa povu la rangi ya pinki hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo.

Asiwepo mtu wa kubana pumzi peke yake, hata mara moja. Mwangalizi awe juu, simu mfukoni, na kazi yake iwe kukuangalia wewe tu, mlinzi wa getini simhesabu. Na mazoezi haya ni ya bwawani, sio ziwani, maji yetu yale ya kijani mtu akizama hata mita moja humuoni, kichocho sijakitaja bado, wala mamba.

Ikitokea mtu kazimia mtoe haraka, mlaze chali, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo kama tulivyozoea kuona mwaloni. Kama hahemi, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni mara 5 kwanza, maana huyu kakosa hewa, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, mpulizie 2, rudia hivyo hivyo bila kuchoka, mwingine apige 114 ya zimamoto na uokoaji. Akizinduka akasema niko poa nipeni chai, mpelekeni hospitali hivyo hivyo, mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumgeuka masaa kadhaa baadae akiwa kalala.